Karatasi ya Mahudhurio

Nina mwandiko mzuri. Popote nilipohangaika, bandarini, kwenye maghala ya korosho Nanyamba, hata machimboni, watu waliniletea barua zao niwaandikie. Mwandiko huohuo ndio uliowafungia mama zangu njia ya kwenda pwani, na hadi leo nikishika kalamu mkono unaniwasha.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu, karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Mimi hurudi hivyo: nakumbuka harufu ya mikoko, napanda gari, nafika, na siku ya tano naanza kuitazama barabara. Siku hiyo ya tano palikuwa na mkutano. Ofisa mmoja kutoka mjini alikuja na wageni wawili, wakaongea sana juu ya hoteli itakayojengwa ufukweni, na ajira, na umeme. Soda zikagawiwa, za baridi kabisa. Kisha ofisa akatoa karatasi yenye mistari.

"Mahudhurio tu," alisema. "Nani ana mwandiko mzuri hapa?"

Mama mdogo, aliyenilea, akanisukuma mgongoni. "Huyu hapa, kamaliza fomu foo. Mpeni kalamu, maana jembe halijui."

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikakaa mezani. Kwetu kuandikwa jina ni heshima. Msibani tunaandikwa, harusini tunaandikwa. Asiyeandikwa ni kama hakuja, na kesho yake atasemwa. Kwa hiyo akina mama walipanga foleni, wakanitajia majina yao na ya baba zao, nikaandika kwa unadhifu, wakaweka dole gumba. Hakuna aliyeuliza kwa nini mistari ilianzia katikati ya ukurasa. Mimi niliyesoma sikuuliza. Juu palikuwa peupe, nikapaona peupe tu.

Miezi michache baadaye nilikuwa mjini, mtaa wa Chuno, napakua saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama mdogo akanipigia simu. Waya umezungushwa kutoka kwenye mikoko hadi kwenye mawe. Njia aliyopita bibi yake imefungwa. Maji yamekupwa, pweza wako kwenye mashimo yao, na wanawake wamesimama nyuma ya waya na vijiti vyao vya kuchokolea. Walipokwenda kuuliza walionyeshwa karatasi. Juu pamepigwa chapa kwamba wanakijiji wameridhia kuutoa ufukwe. Chini ni majina yao, kwa mkono wangu.

"Mwandiko umenyooka kweli," alisema. "Hata sisi tumeusifu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilirudi siku iyo hiyo, na hasira niliyopanda nayo gari haijashuka mpaka sasa. Mwizi wa kuku huja akijificha. Huyu alikuja mchana, akaamkia wazee, akanywa soda pamoja nasi, akaichukua adabu yetu na kuigeuza saini. Alijua kabisa kwamba hatuwezi kumkatalia mgeni jambo dogo kama jina. Na alijua atapata mtu kama mimi, anayependa kusifiwa.

Wanawake hawakuacha kwenda ofisini. Walikwenda na vikapu vitupu, wakaketi mlangoni, wakafukuzwa, wakarudi, mpaka ofisa akaitisha mkutano wa kuwasikiliza. Siku hiyo walikaa viti vya mbele, ambavyo siku zote ni vya wanaume. Soda zililetwa, zikabaki kwenye kreti.

"Tuanze na mahudhurio," akasema ofisa.

Mama mdogo akaichukua karatasi, akanipa. "Mwanangu, soma hapo juu."

"Hapajaandikwa kitu, mama."

"Sema kwa sauti. Mwenzangu huyu hasikii vizuri."

"Hapajaandikwa kitu!"

"Mama, huo ni utaratibu tu," ofisa akasema.

"Basi mheshimiwa uandike huo utaratibu wako, halafu uanze wewe kuweka dole."

"Mpakeni wino polepole," akadakia bibi mmoja nyuma. "Vidole vyake laini hivyo, vitachubuka."

Kicheko kilichopigwa kilikuwa kikali, hakikuwa na furaha ndani yake. Mama mdogo akasimama nyuma yangu, akaniamuru niandike juu kabisa, pasibaki nafasi hata ya sisimizi: Tumekuja kudai njia yetu. Ufukwe hatukuutoa. Nikaandika. Madole yakafuata, yamebanana. Ofisa alikataa kuipokea, basi wakatoka wakaketi mbele ya gari lake juani, hadi alasiri, akaipokea na kutia saini kwamba amepokea.

Waya bado upo. Ofisini wanasema suala linashughulikiwa. Wamekata mlango pale penye njia, wakaweka mlinzi, mtu mzima wa kijiji cha pili, na daftari: kila apitaye aandike jina.

Maji yalipokupwa tena nilimfuata mama mdogo, nimebeba kapu lake.

"Mama, jina," mlinzi akasema, akifungua daftari.

"Unalijua. Pweza uliyemla jana alikuwa wa nani?"

Akapita. Wakapita wote, mmoja baada ya mwingine, na vijiti vyao begani. Mlinzi akanigeukia mimi, akaninyooshea kalamu.

"Wewe unaonekana umesoma, kaka. Niandikie basi hata wewe, nisipate matatizo."

Niliitazama ile kalamu. Kisha nikaliweka kapu kichwani, nikalishika kwa mikono yote miwili, nikapita.