Acha na Achia

Mafuta ya breki yana harufu yake. Si kali kama petroli. Ni utamu uliokaa vibaya, kama dawa ya kikohozi iliyomwagika kabatini ikakauka. Jumamosi iliyopita nilifungua kichupa chake chini ya boneti ya gari la mdogo wetu Baraka, harufu ikanipanda puani, na papo hapo nikajikuta nimelala chali tena kwenye maegesho ya mtaa wetu wa Thamesmead huku ughaibuni, kadibodi mgongoni, nina miaka kumi na saba.

Mtaniambia kumi na saba si utoto. Ni utoto, nawahakikishia. Nilikuwa bado nalala na taa ikiwaka.

Mama alitangulia tukiwa wadogo, Baba akafuata majira ya baridi ya mwaka ule. Tukabaki watatu: mimi, Neema wa miaka kumi na mmoja, na Baraka aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Niliacha shule nikapata kazi ya dukani Stratford, zamu ya asubuhi. Shangazi yetu, dada yake Baba, alikaa Wembley na alikuwa na chumba kimoja cha ziada. Kingewatosha wadogo zangu, mimi hapana. Hakulisema hilo kwa ubaya. Kwa mabasi nisingeweza kuwafikisha shule kisha nivuke mto niwahi kazini. Kwa gari la Baba ningeweza, na leseni nilikuwa nimeipata kabla hajaugua. Shangazi akasema haya, tujaribu. Ndipo klachi ikaanza kufa.

Ilianza na rivasi. Nikiiweka, gia inakwaruza kama sufuria inayoburutwa sakafuni. Halafu pedali ikawa laini, ikawa inazama hadi kwenye zulia na kurudi kwa uvivu. Shangazi alipopiga simu nikamweleza ukweli.

"Mwanangu," akasema, "Jumapili nakuja baada ya kanisa. Nikikuta linatembea, vizuri. Nisipokuta, watoto naondoka nao, na wewe utakuja wikiendi ule chakula cha maana."

Baba alinifundisha kwamba gari haliumwi mwili mzima, lazima ulibonyeze mpaka liseme hapa. Nikalibonyeza. Nikikanyaga klachi mara moja, hakuna kitu. Nikiipampu haraka haraka, inapata nguvu kidogo na gia inaingia. Kwa hiyo sahani za klachi zilikuwa nzima, ugonjwa ulikuwa kwenye mafuta, maana klachi ile ilitumia mafuta yale yale ya breki. Mguu unasukuma mafuta kwenye silinda ya juu, yanashuka kwenye bomba jembamba hadi silinda ya chini, ambayo ndiyo inayoisukuma klachi. Yakivuja, upepo unaingia, na mguu unabaki kusukuma upepo. Nikapapasa nyuma ya pedali kwenye silinda ya juu: kukavu. Nikapandisha magurudumu ya mbele kwenye vyuma vya Baba vya kuegemezea gari, nikaingia chini, nikainua mpira unaofunika silinda ya chini, na mafuta yakanitiririkia mkononi hadi kwenye kiwiko.

Silinda mpya niliifunga Jumapili asubuhi. Bolti mbili, bomba moja, wala si kazi ya kuogopesha. Kazi ni kutoa upepo, na hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua na kufunga nati ndogo ya kutolea upepo. Neema akakaa kwenye usukani, kajisogeza hadi ukingo wa kiti ili mguu ufike. Baraka alikuwa nyuma na pakiti ya krispi.

"Kanyaga! Kanyaga! Kanyaga! Haya, acha!"

Nilipofungua nati, povu lilitoka kupitia kampira kafupi nilikokachomeka hapo hadi kwenye kopo. Nikaifunga. Tukarudia, na tukarudia tena. Niliongeza mafuta mpaka chupa ikakaribia kuisha, na pedali ilikuwa laini vilevile. Nikaanza kuamini nimeuziwa silinda mbovu. Nikamfokea Neema akanyage vizuri, naye akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake siku hizo, kwamba anakanyaga vizuri.

Shangazi akatukuta hapo. Niliona viatu vyake vya kanisani kwanza, halafu hotpoti ikiwekwa chini kando yake.  Akafungua mlango wa abiria, akakaa karibu na Neema, akasikiliza.

"Kanyaga! Kanyaga! Haya, acha!"

"Neema," Shangazi akauliza, "mbona unatoa mguu?"

"She said acha."

 Nikasikia kiti kikitikisika kwa kicheko cha Shangazi.

"We uliye huko uvunguni! Mtoto umemwambia aache, ameacha. Unamgombeza nini?"

"Nilimaanisha aache kupampu, ashikilie hapo hapo!"

"Ulimaanisha. Huyu ukimwambia acha simu, si anaiweka chini? Ukimwambia acha biskuti, si anatoa mkono?"

Nilibaki nimelala, mafuta yakinidondokea shingoni. Kumbe kila Neema alipotoa mguu nati ikiwa wazi, bomba lilivuta upepo kurudi ndani. Tulikuwa tunautoa na kuumeza tena. Baba alitumia maneno matatu tu, enzi ambazo mimi ndiye niliyekaa kwenye pedali: kanyaga, shikilia, achia.

"Achia ndiyo kutoa mguu," Shangazi akamweleza Neema. "Dada yako asiposema achia, usitoe hata nyumba ikiungua. Umesikia?"

Tukaanza upya. Povu likapungua, vikabaki vipovu vya hapa na pale, halafu mafuta yakaja safi, mfululizo. Nikakaza nati, nikatoka, nikaenda kumwagia maji mafuta yaliyorukia rangi ya gari, maana huila. Shangazi akaanza kunihoji kama nyumbani kuna sukari, nami nikaanza kujitetea. Tulikuwa tumefika kwenye majani ya chai nilipogeuka nikamwona Neema. Alikuwa bado kwenye kiti, mikono yote miwili imekandamiza goti, mguu unatetemeka kama cherehani.

"Neema! Bado tu?"

"Hujasema achia," akajibu. Kwa Kiswahili.

"Achia."

Nikashusha gari, nikakaa, nikakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu, imejaa. Rivasi ikaingia kimya.

Shangazi akapanda, akafunga mkanda. "Haya," akasema, "nipeleke stesheni." Kwenye stesheni ya Abbey Wood alishuka peke yake, akainama dirishani. "Hotpoti yangu mniletee. Wote watatu."

Kwa miaka mingi nilisimulia siku ile kama siku niliyotengeneza klachi. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba wakati wote ule, nikidhani ni mimi peke yangu niliyeshikilia, Neema naye alikuwa ameshikilia, mguu ukitetemeka, akingoja nimwambie. Mimi sikuwa na wa kuniambia.

Jumamosi iliyopita Baraka alikuwa anahamia mji mwingine kuanza chuo. Nilikagua mafuta ya breki, nikakagua tairi, nikarudia mafuta. Vitu vyake vilishafungwa, injini inaunguruma, nami nimesimama na mkono kwenye mlango wake, namweleza habari za barabara anazozijua.

Neema akaja akasimama kando yangu.

"Achia, Dada."

Nikamtazama.

"Sijasema acha," akasema. "Nimesema achia."

Nikatoa mkono. Gia ya kwanza ikaingia bila kukwaruza.