Pengo la Mama Lafika Muhoroni

Mama yangu mzee alikuwa na gego bovu; siku tisa hakutafuna kitu. Nikasikia madaktari wa meno wa ng'ambo wako kanisani Muhoroni. Alikubali twende kwa sharti moja: wasiguse pengo lake. Alipokuwa msichana aling'olewa meno sita ya chini, kama Wajaluo walivyofanya zamani, na pengo hilo ndilo cheti chake cha utu uzima.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Kaloleni kwa pikapu ya jirani. Tulipatana: Mama mbele, mimi nyuma juu ya magunia saba. Niliyahesabu mara mbili.

Karibu na Muhoroni trekta za miwa zilitupunguzia mwendo. Mama aliitazama miwa kama mkwe asiyeleta ng'ombe.

Saa tatu tuliingia kanisani. Madaktari walikuwa wanne. Mimi huuza vikapu kwa watalii ufukweni mwa ziwa, kwa hiyo masikio yangu hayalali. Wakichungulia kinywa cha Mama, Mhispania alisema diente, Mreno na Mwitaliano dente, Mromania dinte. Ni kama Kiswahili na Kiluhya cha majirani zetu, jino na lino: watoto wa nyumba moja.

Kisha yule Mhispania, mwanamke mpole, akanieleza kwa Kiingereza: gego litatoka, na watamwekea Mama meno sita ya bandia, bure. Mimi na neno bure hatujawahi kugombana. Nikasita.

Mama akaniona. "Nyathina, mwanangu, nilikuambia nini? Hii pengo si ugonjwa. Waliponing'oa sikulia. Mwambie hivyo."

Nikamwambia. Kisha nikafunga biashara kwa lugha yake: muela, yaani gego, moja, ondoa, dientes sita, hapana. Akaninyooshea vidole sita kuhakikisha. Nikavihesabu mara mbili, nikatikisa kichwa kukataa.

Akawaita wenzake. Waliinama tena kinywani, safari hii kama watu wanaotazama kazi ya fundi. Mreno akauliza sisi tunaiitaje desturi hiyo. Nago, nikasema. Akaiandika kwenye kadi ya Mama, akanionyesha kama ameipata sawa.

Saa kumi jioni tulirudi Kaloleni. Nilikwenda kuokota maneno ya watu, kumbe na neno letu lilikuwa na mnunuzi. Wanawake wa mtaa walimzunguka Mama wakitaka habari. Gego lilikuwa limetoka na pamba ilikuwa mdomoni, hakuweza kusimulia. Aliwaonyesha vidole sita, akatabasamu ili waone nafasi zenyewe.

Nilizihesabu mara mbili. Zote zipo.