Maji Yanayogusa Ukuta wa Bomba

Baba alipolaza bomba letu la Kuresoi, kutoka chemchemi iliyo juu ya shamba la viazi hadi nyuma ya jikoni, hakuwa na pampu. Alipiga magoti kwenye ncha ya chini, akaivuta hewa kwa mdomo, akikohoa na kutema matope, mpaka maji yakaja yenyewe. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mama amesimama kando akimcheka hadi machozi. Baba alipofariki, bomba lilibaki likinong'ona kwenye nyasi.

Mimi hufundisha mambo ya maji na mabomba katika chuo kimoja Nakuru. Baada ya mazishi nilikaa na mama kidogo, na kwa kuwa mwalimu akikaa bure mdomo humwasha, nikamweleza yanayotokea ndani ya bomba. Maji huingia yote kwa mwendo mmoja. Lakini yale yanayogusa ukuta hushikwa papo hapo, yakasimama. Hayo huyachelewesha ya jirani, na ya jirani huyachelewesha yanayofuata, na tabaka hilo la maji yanayochelewa huzidi kunenepa kadiri bomba linavyoendelea, mpaka pande zote zikutane katikati. Kuanzia hapo ya katikati hukimbia, ya kando hujikokota, na yaliyogusa ukuta hayaendi kokote.

Mama aliacha kumenya viazi. Nikarudi kwangu mtaa wa Free Area, Nakuru, nikijiona nimefundisha.

Kisha bomba likaanza kuziba. Utelezi ulijaa ndani, maji yakawa ya kudondoka, na mama akaanza kubeba jerikeni mgongoni kutoka mtoni, kwenye mteremko unaowashinda hata mbuzi. Akaanguka, akaumia nyonga, akapona nusu, akarudi mtoni. Kaka yangu alinunua bomba jipya, pana zaidi, lakini mama akakataa katakata la zamani kuguswa. Kaka akanipigia simu kwa hasira: mama yako atafia huko mtoni, njoo uongee naye.

Nilipofika alinikalisha jikoni.

"Si ni wewe ulisema maji ya kando haiendi?" akaniuliza. "Basi ile baba yako alivuta na mdomo bado iko huko ndani. Ama ulinidanganya?"

Nilimwambia ukweli, kwa upole wote niliokuwa nao: kinachosimama ukutani ni mwendo tu. Maji yenyewe hubadilishana polepole na ya jirani, na hakuna hata tone la siku ile lililobaki. Nilitaka aishi. Alinitazama kama mtu anayeletewa habari za msiba upya, nami nikajichukia.

Mwishowe akasema kaka aanze kuchimba mtaro wa bomba jipya.

Bomba la zamani lilipokatwa, mama aliokota kipande, akaingiza kidole na kukwangua ule utelezi mweusi ndani ya kikombe. Nilidhani majonzi yamemzidi. Akapanda taratibu hadi chemchemi, sisi nyuma yake, akaumimina kwenye mdomo wa bomba jipya, vilevile anavyobakiza uji wa jana kwenye kibuyu ili wa leo uchachuke. Kaka alinitazama nimkataze. Sikumkataza.

Tukateremka wote hadi nyuma ya jikoni. Bomba jipya lilikoroma kidogo, likanyamaza, halikutoa hata tone.

"Vuta," mama akaniambia.

Nilipiga magoti, nikalitia mdomoni. Hewa ya ndani ilikuwa ya vuguvugu, na hilo sikulitarajia, kwa sababu siku nzima kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma. Nikavuta, nikakohoa, nikatema matope. Maji yakaja kwa kishindo, yakanilowesha kifua. Nyuma yangu mama akaanza kucheka, kile kicheko cha zamani ambacho sikuwahi kukisikia tena tangu siku ile ya baba, na sikuthubutu kugeuka nione anamcheka nani.