Herufi Mbili Zilizopishana

Mke wangu alikuwa na chumba cha biashara Bulyaga, mjini Tukuyu, kwenye kichochoro kinachoteremka nyuma ya maduka. Alichapa na kutoa kopi. Watu walimletea barua za kuomba kazi, mikataba ya kukodisha mashamba, mitihani ya shule. Lakini kazi iliyomjengea jina ilikuwa ya misiba: ratiba za mazishi na wasifu wa marehemu. Mtu akifariki Kisiba au Kawetele, kesho yake asubuhi ndugu walikuwa wamesimama mlangoni kwake na karatasi iliyolowa mvua, na yeye aliwakalisha kwanza, akawapa pole, ndipo akaanza kuuliza marehemu alizaliwa wapi na alisali kanisa gani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kawetele. Kompyuta yake sikuwa na mazoea nayo. Ilikuwa ya mezani, mtumba wa Ulaya, na kibodi yake nyeusi ilikuwa na herufi zenye vidoti viwili juu, ambazo sisi hatuna. Niliziona mara nyingi nikimpelekea chakula cha mchana, wala sikuuliza. Yeye alichapa macho yakiwa kwenye karatasi ya mteja. Vidole hakuvitazama kabisa.

Saratani ilipomkamata tulikwenda Mbeya, tukarudi, tukaenda tena. Mara ya mwisho alilazwa kwenye wodi yenye dirisha linalotazama ukuta. Mchana mmoja nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni, maana ngozi ilikuwa imekauka ikawa kama ganda la hindi, akasema bila kufumbua macho:

"Wasifu wangu nimeshauandika."

Nikaacha kumpaka.

"Uko kwenye kompyuta. Ukifungua tu utauona, mbele kabisa. Na picha nimeiweka hapo hapo, usije ukawaacha wakachukua ile ya kitambulisho."

"Nani amekutuma uandike mambo hayo?"

"Nimewaandikia watu wote wa Tukuyu. Mimi angeniandikia nani, wewe? Ungeandika kama ripoti ya mwanafunzi: ana bidii, ila aongeze juhudi." Akataka kucheka, maumivu yakamkatiza. Alipotulia akaniambia neno la siri la kufungulia mashine. Lilikuwa ndizimbivu, herufi ndogo zote, bila kuacha nafasi. Akanitaka nilirudie, nikalirudia kama watoto wa darasa la kwanza.

Alifariki asubuhi, nilipokuwa nimeshuka kumtafutia uji. Niliporudi nesi alikuwa amesimama mlangoni, na kikombe kikanichoma mkono wala sikukiweka chini.

Ikaamuliwa azikwe kesho yake Kisiba, nyumbani kwa baba yangu, pembeni ya migomba ambako wamelala babu na bibi. Kaka yake mkubwa, dereva wa malori, alikuwa amefika, na tukakubaliana mimi na yeye twende Bulyaga kuchapa wasifu. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka. Nilifungua kufuli, harufu yake ikanipokea, wino na mafuta ya nywele, na ilinibidi nisimame kidogo kabla ya kuingia.

Kompyuta ikawaka, ikauliza neno la siri. Nikatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, nikabonyeza. Kwenye kisanduku zilitokea nukta tu. Mashine ikanijibu kwamba neno si sahihi.

Nikarudia polepole. Si sahihi. Nikafikiri labda herufi kubwa zimewashwa, nikaangalia, hazikuwashwa. Nikajaribu kwa kuacha nafasi katikati, nikajaribu kuanza na herufi kubwa. Mwishowe mashine ikaniambia nisubiri kabla ya kujaribu tena. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, maji yakimchuruzika kutoka kwenye koti.

"Una hakika alikutajia neno hilo?"

"Alinifanya nilirudie, shemeji."

"Basi zilikuwa dawa. Zinachanganya watu." Akakamua mkono wa koti. "Au hakutaka ufungue."

"Sasa angenitajia ili iweje?"

"Sijui mimi. Mambo ya nyumbani kwenu mnayajua wenyewe."

Sisi hatukujaliwa mtoto. Kauli ya namna hiyo, kutoka kwa ndugu wa mke, huja na mengine nyuma yake, na siku ile sikuwa na nguvu ya kuyasikia. Lakini iliniingia. Nilikaa kwenye kiti chake nikajiuliza, miaka yote hii mtu huyu alikuwa na nini cha kunificha? Nikakumbuka kila alipochelewa kurudi. Mwili wake ulikuwa bado mochwari, na mimi nilikuwa nimeanza kumpekua.

Tulimpigia fundi wa kompyuta pale mjini. Alisema inawezekana kuifungua, ila yuko Mbeya, aletewe keshokutwa.

"Kesho tunazika," nikamwambia.

Akanipa pole, akakata simu. Shemeji akasema basi, tuandike mwingine kwa mkono, mtu hazikwi na kompyuta. Akachukua karatasi nyeupe kwenye mashine ya kopi. Hapo ndipo alipoingia mama wa chumba cha jirani, anayeuza vitenge na kanga. Walikuwa marafiki wa siku nyingi, mke wangu akiimba nyimbo za kwaya na yeye akimtaka afunge mdomo wakati wa adhana, wakicheka wote wawili. Alikuwa na chupa ya chai mkononi na macho yamevimba.

"Mwalimu, pole. Sote ni wa Mungu." Akatumiminia chai, akaniona nikirudi kubonyeza. Akasogea. "Mbona unatazama herufi?"

"Nitazame nini tena, mama?"

"Hiyo kibodi inasema uongo. Siku moja nilijaribu kuandika jina la duka langu, likatoka kama la Kichina, mwenzangu akacheka mpaka akakaa chini. Ni ya Wajerumani. Wao zedi na wai zao ziko mahali pengine, na ndani ya mashine yeye alikuwa ameiweka ya Kiingereza, alivyofundishwa chuoni. Kwake ilikuwa sawa, maana hatazami. Wewe ukibonyeza zedi inatoka wai."

Pembeni mwa kisanduku kulikuwa na kijicho kidogo kilichochorwa, nami sikuwa nimekitilia maanani. Nikaandika tena vilevile, nikakibonyeza, nukta zikageuka herufi. Nikaona nilichokuwa nikiiambia mashine muda wote ule: ndiyimbivu.

Nikafuta. Nikaandika upya, na penye zedi nikabonyeza palipoandikwa wai. Ikafunguka.

Shemeji aliirudisha karatasi nyeupe mahali pake.

Wasifu ulikuwa mbele kabisa, kama alivyosema. Ulikuwa ukurasa mmoja, kwa mtindo uleule aliowaandikia wateja. Alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, alisoma wapi. Ndoa yetu aliipa mstari mmoja. Ugonjwa aliupa mstari mmoja pia. Kwenye tarehe ya kufariki aliweka nukta, ili mtu ajaze. Na chini kabisa, pale wengine wanapoacha watoto na wajukuu, aliandika: Ameacha mgane.

Nililisoma neno hilo nikahesabu moyoni alikaa lini akaliandika. Ilikuwa kabla ya kulazwa. Nilikuwa nikimletea chakula hapahapa, tukila sahani moja, naye alikuwa ameshaniita mgane.

Nikajaza tarehe. Nikaongeza kwamba atazikwa Kisiba, ikatoka "atayikwa". Nikafuta, nikaandika, ikatoka vilevile, kwa kuwa macho yalikuwa yakinirudisha kwenye herufi iliyoandikwa. Mama wa vitenge akaweka kidole chake juu ya batani sahihi, akanishikia pale, nami nikabonyeza juu ya ukucha wake. Tukamaliza hivyo. Shemeji alisimamia mashine ya kuchapia, na karatasi zilipotoka alizipanga akazifunika kwa koti lake, akatoka kwenye mvua kichwa wazi.

Mazishini wasifu ulisomwa na mchungaji chini ya turubai. Mama mzazi wa mke wangu hajui kusoma. Baadaye aliomba ile karatasi, akaishika, akaitazama picha. Kwenye picha mke wangu alikuwa na nywele zake zote, amesuka.

"Hii alipiga lini?"

"Kabla ya matibabu, mama."

"Alipiga akijua?"

"Alijua."

Akaikunja karatasi akaiweka kifuani. "Ndaga, mwanangu," akanipa pole kwa Kinyakyusa. Kisha akasema, "Kwa hiyo kompyuta alikuwa ameiambia. Mimi hakuniambia." Wanawake wakamshika wakampeleka ndani.

Baada ya matanga nilijaribu kuendeleza kile chumba, mchana baada ya vipindi na Jumamosi. Kodi ilikuwa imelipwa mbele, na nyumbani hapakukalika. Wateja walikuja. Nilichapa kwa vidole viwili, nikijikumbusha zedi ni wai, wai ni zedi, na nilipochoka nilijisahau. Familia moja ilichukua wasifu wa baba yao bila kukagua, nami sikukagua. Wakagundua wakiwa tayari msibani. Kijana mkubwa wa marehemu alirudi na zile karatasi, akaziweka mezani.

"Aliyaliwa. Aliyaliwa ndiyo nini, mwalimu? Watu wamecheka mbele ya jeneza."

Nilimwomba radhi. Alitazama picha ya mke wangu ukutani, akanipa pole kwa sauti ya chini, akaondoka.

Wiki ile niliamua kuirekebisha mashine. Niliingia kwenye mipangilio ya lugha, nikaongeza kibodi ya Kijerumani, na kweli, zedi ikawa zedi, wai ikawa wai. Nilifurahi kwa nusu saa. Halafu nikaandika ng'ombe, nikabonyeza pale nilipokwisha kuzoea kupata ile alama ya juu, ikatokea a yenye vidoti viwili. Ng'ombe, ng'ambo, mnyang'anyi, yote yakaharibika. Mabano hayakuwa mahali pake. Alama ya kuuliza niliitafuta mpaka mteja akasema tutaiweka kwa peni. Nikarudisha Kiingereza kama alivyoacha yeye.

Mwishowe nilichukua kisu cha mezani, nikazing'oa zile batani mbili ili nizibadilishane mahali. Hilo lingetosha, kwani herufi zile mbili ndizo zilizonitesa zaidi. Zilitoka kwa mlio mdogo kama wa jino. Chini yake kulikuwa na makombo ya mandazi, vumbi, na unywele wake mmoja mrefu, uliojizungusha kwenye kishikizo cheupe cha batani. Nilijaribu kuutoa ukakatika. Kipande kimoja kilibaki humo. Nikabandika batani juu yake, kila moja mahali pa mwenzake, na tangu hapo kibodi ikasema kweli.

Lakini biashara ilikuwa imeshakwenda. Kulifunguliwa nyingine karibu na stendi, yenye printa ya rangi na wasichana wawili wanaochapa haraka. Kabla mvua hazijaisha nilirudisha ufunguo kwa mwenye nyumba. Mama wa vitenge alikodi chumba, akavunja ukuta wa kati, akanisaidia kubeba mashine mpaka kwenye bajaji. Sasa iko nyumbani Kawetele, kwenye meza ya kulia chakula, kwa kuwa kwenye meza hiyo nala peke yangu.

Bado watu huja. Hao ni wa vijiji vya mbali, ambao hawakusikia. Wanafika Bulyaga, wanaelekezwa kwangu, wanapiga hodi na karatasi yao mkononi.

"Tunamtafuta yule mama anayechapa wasifu."

Nawaambia. Wanaduwaa, wananipa pole, nami nawapa pole ya kwao, tunabaki tumesimama mlangoni, sote wafiwa. Kwao kuna maiti inasubiri. Mwishowe mmoja wao huuliza kwa aibu kama mimi naweza. Nawakaribisha ndani. Nawakalisha kwanza. Kisha nauliza marehemu alizaliwa wapi, na alisali kanisa gani.