Kijumba cha Mama Mkwe Juu ya Pikapu

Pikapu yangu ilikuwa ya kubeba chakula cha ng'ombe. Nalisema hili mapema ili nieleweke: sikuwahi kuota kumlaza mtu juu yake, sembuse mama mkwe.

Mimi ni mtu wa Kitale. Babu yangu alitoka Nyeri kuja Trans-Nzoia kutafuta shamba, na sisi wajukuu tukaishia kuwauzia vitu wenye mashamba. Mke wangu ni mwalimu, Mbukusu wa Malakisi, na kabla hajakubali kuolewa alinionya kwamba kwao mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawakai meza moja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hugeukia ua mpaka mwenzake apite. Zaidi ya yote, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Kwetu mama mkwe akija hupewa kitanda kizuri kuliko vyote, kisha huanza kukagua sufuria. Nikajiambia nimebahatika.

Bahati hiyo ilikwisha Mama, yaani mama mkwe wangu, alipopata kidonda kwenye unyayo. Ana kisukari cha muda mrefu na kidonda kilikataa kufunga. Kliniki iliyoweza kukishughulikia ilikuwa Kitale. Daktari akasema aje kila baada ya siku chache, wiki baada ya wiki, na akikosa, mguu utakatwa. Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Kusafiri kutoka Malakisi kila mara kungemmaliza. Kukodi chumba alikataa, maana watu wangesema binti yake amemtupa mjini. Kulala nyumbani kwetu, mtaa wa Matisi, ndiyo kabisa, hata hakutaka litajwe.

Mke wangu alilia jikoni. Mimi nilikasirika, kwa sababu nikishindwa kusaidia mimi hukasirika, na katika kufoka kwangu nikasema kama tatizo ni paa langu, basi Mama atafutiwe paa lake. Mke wangu akaacha kulia. Akachungulia dirishani, akaitazama pikapu.

Nilikuwa nimeviona vijumba vya aina hiyo. Mwenye shamba mmoja nje ya mji, aliyekuwa anahama, alikuwa na kimoja cha kupakia mgongoni mwa gari, chenye kitanda, sinki, friji ya gesi na hata bafu. Nilipokiona nikakipenda kipumbavu, jinsi mtu anavyopenda koti lisilomwenea. Nilikuwa tayari kukichukua siku ileile. Ni mke wangu aliyetoa futi ya kupimia nguo kwenye mkoba, akapima kijumba, akapima pikapu, akaniita pembeni. Kijumba kilitengenezewa pikapu ndefu yenye mlango mmoja kila upande. Yetu ina milango minne na mgongo mfupi. Kingening'inia nyuma ya magurudumu, na uzito ukikaa huko nyuma gari huinua pua na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Tena kulikuwa na maji ya bafu, mtungi wa gesi na Mama mwenyewe. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mama yake vizuri. Nikamkumbusha kwamba hairuhusiwi.

Kwa hiyo tukachukua friji peke yake. Kijumba tulitengenezewa Bungoma na fundi wa jua kali aliyezoea kuunda mabodi ya magari ya kubebea kuku. Tulimpa vipimo vya gari letu na tukamwomba kidogo tu: kitanda cha mtu mmoja, jiko la gesi, sinki, friji, ngazi fupi yenye mshiko. Uzito wote ukae mbele, karibu na kichwa cha gari. Alikichomelea kwa bomba nyepesi na mabati laini, na kiliingia kwenye pikapu kama mguu kwenye kiatu chake. Akakipaka rangi ya maziwa bila kuulizwa. Tulirudi nacho Kitale, na kila tulipopunguza mwendo watu walidhani tunauza aiskrimu.

Mama alifika na fimbo yake, akaingia kijumbani mimi nikiwa nimejificha dukani. Jioni mke wangu aliniletea taarifa kwamba amepapenda. Ni kwake. Anapika mwenyewe. Nilivimba kichwa, nisidanganye.

Asubuhi ya tatu friji ikakataa. Haikuzima, hapana. Iliendelea kuwaka na moto wake, na ndani kukawa vuguvugu. Humo ndimo mlikuwa na dawa yake ya sindano, ile ya kisukari, ambayo ikipata joto huharibika. Nikasema si jambo kubwa, dawa ihamie kwenye friji yetu jikoni. Mke wangu akapeleka ujumbe na kurudi na jibu, akilitoa kwa sauti ya mama yake.

"Dawa yangu ikilala kwa mkwe, si ni mimi nimelala huko? Kama hii kitu haiponi, mimi narudi Malakisi kesho."

Na hakuwa anatania. Mke wangu aliihamisha dawa kwenye ndoo ya barafu, akaenda shuleni, akaniachia mguu wa mama yake mikononi.

Sasa fikiria hali yangu. Kijumba kilikuwa nyumba ya mama mkwe, na mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Friji ilikuwa ndani. Mimi nilikuwa nje na bisibisi. Kwa nje nilikuwa na kidirisha kimoja tu chenye wavu, ambapo moto wa friji hupumulia. Nikampigia Mama simu.

"Si nakusikia tu hapa kwa ukuta," akasema. "Ya nini kumaliza kredo, bana?"

Akakata. Tukaongea kwa ukuta. Nilimwomba awashe jiko, akasema linawaka vizuri, kwa hiyo gesi ilikuwepo. Nikafungua kidirisha na kukuta moto wa friji ni wa manjano, mvivu, na masizi juu yake. Nikazima, nikachomoa kibomba na kukuta buibui amejenga humo. Nilikisafisha kwa brashi, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, nikawasha tena, moto ukawa wa bluu. Nikatangaza ushindi. Mama akaenda kliniki kwa tuktuk, akarudi, akafungua friji.

"Bado ni kama kwapa," sauti ikaja.

Nikamwomba abane karatasi kwenye mlango wa friji na kuivuta, nijue kama mpira umelegea. Karatasi ilishikwa barabara. Nikagusa bomba la nyuma, lilikuwa moto kama inavyotakiwa. Hapo hasira ikanipanda. Nilizunguka gari, nikapiga gurudumu teke, nikaumia kidole. Mama akaniuliza kama ni mimi au ni gari limeanguka. Nikasema ni mimi. Akasema pole, na akaniambia ningoje, alikuwa anamimina chai, nayo kwa hii nyumba haiminiki bila mtu kutulia.

Nilimuuliza kwa nini.

"Inaenda upande moja. Hata usiku mimi naamka miguu imepita mwisho ya kitanda. Nilimwambia bibi yako, akasema nisilalamike."

Nilisimama pale na kidole changu kinachouma. Friji za gesi hazina mota. Moto huchemsha maji yenye kemikali ndani ya mabomba, nayo hurudi chini yenyewe kwa kuteremka. Gari likiinama, maji hayo yanakwama njiani, na friji itawaka mwezi mzima bila kupoa. Hili nilikuwa nimelisoma kwenye simu na kulipita, maana nani ataegesha nyumba kwenye mteremko? Sisi tuliegesha. Ua wetu una tambarare moja tu, mbele ya mlango wetu. Kwa heshima, mlango wa mama mkwe usitazamane na wa mkwewe, tuliteremsha pikapu mpaka nyuma ya migomba, pua ikitazama juu na mkia chini. Adabu yetu ndiyo iliyoharibu friji.

Mke wangu aliporudi nikamwambia nasogeza gari mbele ya nyumba, mila isubiri mguu upone. Akasema nikifanya hivyo, Mama ataona tumemvua nguo mbele ya watu, na kesho kabla ya saa sita atakuwa kwenye gari la Malakisi. Tukazozana hapo hapo, mimi kwa sauti, yeye kwa kunong'ona, na ukuta wa bati ukitusikiliza wote wawili.

Nikachukua jembe. Kama gari haliwezi kwenda kwenye tambarare, tambarare ije kwa gari. Nilichimba mitaro miwili mifupi mbele ya magurudumu ya mbele, ili pua ishuke. Mama akakataa kushuka. Akasema ataketi sakafuni, ashike mguu wa sinki, na aweke beseni la maji mbele yake, atuambie maji yakikaa sawa. Mke wangu alisimama kando ya kidirisha kupokea habari, nami nikaingia nyuma ya usukani na kusogea polepole, mkono kwenye breki.

"Bado," sauti ikasema. "Bado. Ngoja, umepitisha. Rudisha kidogo."

Nikarudisha. Nikazuia gurudumu kwa jiwe, nikaongeza udongo, nikasogea tena. Mke wangu alikuwa akicheka huku akifuta macho.

"Hapo," Mama akasema. "Maji imelala."

Kesho yake asubuhi alinigongea ukuta na kuniambia siagi imekuwa jiwe. Nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Dawa ikarudi kwake, na yeye akabaki.

Alikaa mpaka mahindi ya jirani yakatoa mbelewele na kidonda kikafunga. Sikumwona uso hata mara moja, lakini nilimjua kwa sauti ya kwenda choo: fimbo, kandambili, fimbo, kandambili, na mguu mbovu ukiburutwa katikati. Asubuhi tulisalimiana kupitia bati. Alijua nikigombana na wateja, na aliniambia nipunguze chumvi. Niligundua nampenda, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenionya.

Siku ya kuondoka, teksi ilikuja mpaka getini. Mke wangu alikuwa anampeleka. Nilisimama nikitazama migomba, mgongo kwao, kama inavyotakiwa. Nikasikia ngazi ikilia, kisha kandambili mbili zikapita nyuma yangu juu ya changarawe, taratibu, zote mbili.

"Zima friji, mwanangu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Walipoenda nikapanda kijumbani, mara ya kwanza tangu aingie. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, beseni limeoshwa. Fimbo yake ilikuwa imeegemea mlango wa friji. Nikampigia mke wangu haraka, wageuze gari kabla hawajafika mbali, Mama amesahau fimbo.

Nikamsikia akiuliza, na Mama akicheka kwenye kiti cha nyuma. Mke wangu akarudi kwenye simu.

"Anasema hajaisahau."