Umeme Mdogo wa Baba

Siku ile nyumbani Chumbageni tulikuwepo wadogo zangu wawili, fundi mzee na mimi. Fundi alikuwa ameturudishia amplifaya ya gitaa ya marehemu baba, baada ya kukaa nayo muda mrefu akiitengeneza. Nilipopiga gitaa, sauti ilitoka kavu na kali, si ile nene ya enzi za baba.

“Mzee, umebadilisha zile valvu za kioo za baba zilizokuza sauti!” nilifoka. “Umeniona sikusoma, ukaamua kutuibia yatima?”

Fundi aliichomeka amplifaya kwenye kifaa chake cha kupunguza umeme, akazungusha kitufe taratibu, nami nikapiga gitaa tena. Ile sauti nene ya gitaa la baba ikajaa chumbani. Wadogo zangu walilia.

“Valvu ni zilezile, mwanangu. Zamani umeme wenu ulikuwa mdogo. Sasa mtaa una transfoma mpya, umeme ni mkubwa, ndiyo maana sauti inakuwa kali.”

Akaondoka. Deni la kumwomba radhi ninalo hadi leo.