Mchanga Uliofuliwa

Nilikuwa kibarua wa shamba la majaribio huku Temeke. Chini ya mikorosho mchanga ulikataa maji, tone likikaa juu kama ushanga. Bwana Shamba alisema ni mafuta ya majani yaliyooza. Kitalu kimoja akakitia dawa ya kuyaondoa mafuta hayo, cha pili akakiacha vilevile ili avilinganishe. Kazi yangu ilikuwa kudondosha tone na kuhesabu mpaka lizame.

Kile kilichoachwa nilikiona hakina kazi. Basi kila asubuhi nikamwaga humo maji niliyofulia nguo za wadogo zangu watatu, ambao mie ndiye baba na mama yao.

Wakubwa walipokuja kutazama, tone likazama kwenye kitalu hicho kabla sijasema moja. Kibarua kikiota nyasi, watoto watakula nini?

“Hesabu, bwana wee!” alinihimiza msimamizi, Mzee Shomari.

“Limeshazama, mzee.”

Akainama, akachota mchanga, akanusa.

“Sabuni ya mche! Huu mchanga umefuliwa!”

Wote wakanigeukia. Nikaficha mikono nyuma, lakini povu lilikuwa limekaukia kwenye viwiko.